Dawa ya Valarie na Mguu wa Oduor

Wadudu wa mguu wa mume wangu Oduor walipata nafasi maabara kabla ya wajukuu wangu wote kupata kazi. Usaha ulitolewa hospitalini, wadudu wakaletwa nao, wakafugwa kwenye visahani na kupewa namba. Mimi huosha vyombo humo, kwa hiyo niliwaamkia kila asubuhi: "Mmelala salama, wajinga nyinyi?"

Walilala salama. Dawa zote zilishindwa kuwaua, na daktari akasema mguu utakatwa Alhamisi. Nikabaki na tumaini kwa dawa mpya aliyokuwa akiipima Valarie, binti wa maabara. Alinionya kwamba ni utafiti tu, haijapewa mtu. Nikajifanya kiziwi.

"Dani, kuua inaweza," alisema. Huniita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. "Shida ni kuingia. Hawa bakteria wana ukuta. Tunawaloweka kwenye dawa, tunawaosha, tunawapasua, ndiyo mashine itwambie imeingia kiasi gani."

Jumatatu mashine ikasema imeingia nyingi. Nilikumbatia ndoo yangu, nikampigia Oduor wodini: "Mzee, usimpe mtu mguu wako!"

Jumanne Valarie akaniita huku akitazama sakafu. "Dani, jana niliwaosha mara moja tu. Dawa ilikuwa imewaganda nje, mashine ikaihesabu nayo."

"Miaka minne chuo kikuu, kuosha kukakushinda? Mimi visamaki vya omena tu naosha maji matatu!"

Akaosha maji matatu, mimi nimesimama nyuma yake. Mashine ikasema ndani hamna kitu, karibu sufuri.

"Basi rudi kuosha mara moja," nikamwambia. "Ile ya jana ilikuwa nzuri."

Alitaka kucheka, akashindwa. "Dani, hapo nitabadilisha namba tu. Wao watabaki vile vile."

Jumatano nikaenda wodini. Muuguzi alikuwa ameleta fomu ya kukubali upasuaji.

"Nyar Usenge," Oduor akaniuliza, akiniita binti wa kwetu Usenge kama kawaida yake, "ile dawa imefika wapi?"

"Iko mlangoni."

"Si ibishe hodi."

"Imebisha, mzee. Wamenyamaza ndani."

Akaivuta ile fomu, akaniomba kalamu. Nikaanza kupekua mkoba. Nikatoa leso, nikatoa kitambulisho, nikatoa mfuko wa njugu, nikavirudisha, nikaanza upya.

"Mama," muuguzi akasema polepole, "kalamu umeishika."