Msikilizaji wa Ghorofa ya Tatu

Mwanamkasi binti Khatib alikuwa mtu wa Lamu, na kazi aliyokuwa akiifanya Birmingham mwaka wa 1973 hakuna ndugu yake hata mmoja aliyeijua. Waliomuuliza aliwaambia anapiga chapa katika ofisi ya bima. Kupiga chapa alipiga kweli, ila bima haikuwapo. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na kibao, katikati ya mji. Kila asubuhi bosi wake, Bwana Pritchard, mzee mpole aliyenukia peremende, alimwekea mezani kanda mbili tatu. Mwanamkasi alivaa hedfoni, akasikiliza Kiswahili, akakiandika kwa Kiingereza. Siku ya kwanza alitia sahihi karatasi kwamba akimwambia mtu atafungwa jela.

Kwa miezi saba kanda zote zilikuwa za mtu mmoja: Fanuel, mwanafunzi wa Kenya aliyeikosoa serikali ya kwao mikutanoni. Alikuwa amepanga chumba Small Heath, na kinasa sauti kilikuwa kimefichwa humo bila yeye kujua. Mwanamkasi hakupata kumwona hata pichani. Lakini alikijua kikohozi chake. Alijua anavyovua viatu, kimoja kikianguka na cha pili kikikawia. Barua ya msiba wa mama yake ilipofika alimsikia akilia mpaka kanda ikaisha, na siku hiyo hakuweza kula chakula cha mchana.

Mwezi wa Novemba, Jumanne moja asubuhi, aliweka kanda mpya na sauti ile ikamwambia sikioni:

"Hujambo, wewe unayenisikiliza?"

Mwanamkasi akasimamisha mashine. Akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Akaiwasha tena.

"Nakuuliza hujambo. Jana walinisomea maneno yangu kwa Kiingereza. Mimi nilisema mama ametutoka, na karatasi yao imesema amekufa. Mzungu angeandika mama katoka, kaenda sokoni. Kwa hiyo najua wewe ni mtu wa nyumbani."

Kisha akanyamaza, kwa muda ule ule ambao mtu humwachia mwenzake ajibu.

"Sijambo," Mwanamkasi akanong'ona, hata hakujua kinywa chake kimefunguka saa ngapi.

"Nashukuru," ikasema sauti.

Alijua vizuri kwamba ile ni kanda, kwamba maneno yale yalisemwa siku tatu nne nyuma. Hata hivyo alikaa kitako muda mrefu akiutazama utepe ukizunguka. Halafu akaandika katika ripoti: *Hakuna mazungumzo.* Hakuwa amewahi kuandika uongo katika kazi ile.

Tangu hapo kila kanda ilikuwa na salamu. "Umeamkaje?" Kimya. "Kwenu kuna baridi kama huku?" Kimya. Naye alijibu chini chini, akiuangalia mlango. Mara nyingine Fanuel alicheka mwishoni mwa kimya, kana kwamba jibu limempendeza, na Mwanamkasi alivua hedfoni akaziweka mbali naye mezani kama kitu kilicho hai.

Ijumaa moja sauti ilikuwa imechoka. "Nakuomba jambo moja. Mwambie mwenye nyumba wangu, Mama Kulwinder, asiitupe nguo yoyote yangu. Kuna koti la marehemu mama."

Mwanamkasi alitoa macho. Mtu na mwenye nyumba wake wanaishi chini ya paa moja. Kwa nini asimwambie mwenyewe? Akatazama lebo ya kanda. Ilikuwa imeandikwa Small Heath, tarehe ya Jumatatu ya wiki ile ile.

Kesho yake, mchana, alipanda basi la Coventry Road. Anwani alikuwa ameipiga chapa mara mia. Aliyefungua mlango alikuwa mama wa Kisingasinga mwenye shali ya manjano, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni Kisumu.

"Fanuel? Alishaenda, dada. Wiki tatu sasa. Wanaume wawili walikuja wakambeba na gari. Mimi nilipiga kelele, wakanionyesha kitambulisho."

"Wiki tatu, mama? Una hakika?"

"Njoo uone kama mimi nasema uongo."

Chumba kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Mwanamkasi alisimama katikati, akasikia mabasi yakipita nje, moja baada ya jingine, mpaka kioo cha dirisha kikatikisika. Hapo ndipo alipopigwa na baridi. Katika kanda za karibuni hakuwa amesikia basi hata moja.

Jumatatu hakusikiliza maneno. Aliongeza sauti mpaka mwisho, akasikiliza kilichokuwa nyuma ya maneno. Maji katika bomba. Hatua za mtu. Kisha chuma kikilia mara mbili, mlio mrefu halafu mfupi. Alivua hedfoni ili apumue, na kutoka koridoni akausikia mlio ule ule, mrefu halafu mfupi. Ulikuwa mlango wa lifti yao.

Saa saba, Bwana Pritchard alipokwenda kula, Mwanamkasi aliingia katika lifti ile akabonyeza kitufe cha chini kabisa. Alikuta ujia wenye mabomba, na mwishoni mlango wa chuma uliofungwa. Akaweka kinywa kwenye upenyo wa mlango.

"Fanuel. Sijambo."

Kimya kikawa kirefu, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa akisubiri.

"Ni wewe?" ikasema sauti, mbichi, bila mkwaruzo wa utepe. "Nilidhani nimeanza kurukwa na akili. Alhamisi wananipandisha ndege."

"Jina lako kamili, baba. Upesi."

Akamtajia. Mwanamkasi alitoka kwa ngazi, bila koti, wala hakurudi ghorofa ya tatu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kulwinder, na Mama Kulwinder akampeleka kwa Hasmukh, wakili aliyewahi kufanya kazi Nairobi.

"Ukisema haya mbele ya jaji, unajifunga mwenyewe," Hasmukh alimwonya. "Ile sahihi yako wanayo."

"Andika," Mwanamkasi alisema.

Jumatano jaji alitoa amri Fanuel afikishwe mahakamani. Wakubwa wa ofisi ile walikana kila kitu, lakini jioni hiyo Fanuel aliachwa kando ya barabara Perry Barr, ndevu zimemjaa, akiwa amefumba macho kwa mwanga wa taa za magari. Kabla ya Krismasi alikwenda Uswidi. Mama Kulwinder alikuwa amelihifadhi koti la marehemu mama yake Fanuel, akalitia katika kifurushi kwa mkono wake.

Mwanamkasi hakushtakiwa, pengine waliogopa atakayoyasema. Alipata kazi ya kufua katika hospitali moja, akahamia Shard End. Alipotimiza miezi miwili pale, Bwana Pritchard alibisha hodi mchana kweupe, kofia mkononi, akakataa kukaa.

"Nilitaka tu kukuaga," alisema. "Ulikuwa msikilizaji bora kuliko wote niliopata kuwa nao."

Akatupa jicho darini, akatupa jicho ukutani karibu na jiko, akatabasamu, akaondoka. Mwanamkasi alifunga mlango, akabaki ameuegemea, na chai aliyotaka kuichemsha hakuichemsha.