Meza ya Kukatia

Fundi cherehani yule hakujua kutulia. Leo kabati liko mlangoni, kesho liko dirishani, keshokutwa limerudi lilikotoka, na yeye anajipongeza kana kwamba kavumbua jambo. Mtaani walimwita Kigeugeu, naye akaitika bila kinyongo. Meza yake ya kukatia nguo ilishazunguka chumba kizima.

Halafu mama yake akaja kuishi naye, macho yakiwa yamefifia hata haoni kilicho mbele yake. Aliyemleta ni kaka mtu, na hakumficha dada yake.

"Wewe hushikiki," alisema. "Mama akianguka humu hata mara moja, namchukua."

Fundi akaapa. Vitu vikakaa palepale wiki nzima, ya pili, ya tatu, lakini mikono ilimwasha. Alishona roho juu, akiikodolea macho ile meza, akiona chumba kinamkaba. Mchana mmoja, mama akiwa amejilaza, uzalendo ukamshinda. Akainyanyua upande huu, akainyanyua upande ule, kimyakimya, mpaka penye mwanga. Moyo ukamtulia kidogo. Akatoka kwenda kununua uzi.

Aliporudi alimkuta mama sakafuni, mkono umevimba. Alikuwa ameamka akataka kuegemea meza ambayo haikuwapo.

Kaka alifika jioni, akaanza kufungasha nguo za mama. Fundi alisimama kando, aibu imemjaa. Alimpenda mama yake, na sasa anampoteza kwa ajili ya meza.

"Kwani nimesema naondoka?" mama akauliza.

"Mama, huyu hatabadilika."

"Nani kasema abadilike? Tangu mdogo alikuwa akiburuta vitu nyumbani kwangu, makelele matupu. Nikisikia tu, najua kiti kimehamia wapi. Leo kainyanyua meza kama mwizi. Hilo ndilo lililoniangusha." Akamgeukia binti yake. "Usinifiche, mwanangu. Buruta nisikie."

Fundi akaishika meza, akaiburuta. Miguu yake ikakwaruza sakafu, na mama akageuza uso kuifuata sauti. Kaka bado alikuwa ameshika begi.

"Hapo?" fundi akauliza.

Mama akanyoosha mkono ule mzima, akapapasa ukingo wa meza.

"Hapo sijapapenda," akasema. "Sogeza tena."