Shingo ya Gari

Mara ya kwanza niliiona boti yetu kwenye kioo cha upande wangu. Nikashangaa, maana boti ilipaswa kuwa nyuma yetu, siyo kando yetu. Kisha ikapotea. Nilipogeuka kumwambia mume wangu Muiruri, nikaiona kupitia dirisha lake, imejitokeza upande wa kulia kama mtu anayechungulia kwa jirani. Ikarudi kwangu. Ikaenda kwake. Kila ilipokwenda, trela liliuvuta mkia wa pikapu, na pikapu ikatuvuta sisi.

Tulikuwa tumeshapita Gilgil na tunateremka kuelekea Kikopey, pale ziwa Elementaita linapofunguka upande wa kushoto na abiria wote hugeuka kulitazama. Mimi sikulitazama. Nilikuwa nikitazama lori lililokuwa likipanda mlima mbele yetu, taratibu, na magunia yake yamefungwa vizuri na mtu mwenye akili zake.

"Baba Linah," nikasema.

"Naona."

Mikono yake ilikuwa imeshika usukani hadi vifundo vya vidole vikabadilika rangi. Nilishika mlango, nikashika kiti, nikashika hata mkoba wangu, kana kwamba mkoba ungenisaidia.

Leo nikisimulia jambo hili huwa nacheka, na watu wa huku Baringo hucheka nami. Siku ile hapakuwa na kicheko. Na kilichoniogopesha hakikuwa kufa tu. Nilimwogopea mume wangu hata kama tungepona, na hilo siwezi kulieleza bila kuwataja punda.

Muiruri alikulia Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, akiwabebea watu maji kwa mkokoteni. Tulipooana nilikuwa nafunga maua kwenye shamba moja la Naivasha, akanifuata Kamere, kando ya ziwa, na punda wake wawili, akaendelea kuuza maji huko. Aliwatunza wale wanyama kuliko baadhi ya wanaume wanavyotunza wake zao, na mimi nilimwambia hivyo mara nyingi. Asubuhi moja tukakuta kamba zimekatwa. Kwenye kichaka nyuma ya mashamba tukakuta mizoga yao imechunwa, vichwa na kwato vimeachwa. Wezi walikuwa wametaka ngozi tu.

Baada ya siku hiyo mume wangu aliacha kuongea. Hakukasirika, hakulewa, hakumlaumu mtu. Alizima tu. Umekula? Mm. Mchungaji amekuuliza. Mm. Binti yetu Linah akipiga simu kutoka chuoni, aliishika simu sikioni, akaguna mara mbili, akanirudishia. Nimewahi kuishi na watu wagomvi na watu wachoyo, lakini sijawahi kuona upweke kama wa kulala kando ya mtu anayeguna. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Boti ndiyo iliyomrudisha. Wanaume wa kanisani walichanga wakamsaidia kununua boti kuukuu ya faiba, ya watu sita, yenye injini ya kutundika nyuma. Akaanza kupeleka wageni kutazama viboko. Sasa, mgeni haonyeshwi kiboko kwa mm. Mgeni huuliza: anakula nini, analala wapi, ana hasira? Ilibidi Muiruri aongee. Mwanzoni aliongea na wageni tu, na mimi nikawa nawaonea wivu watu wa Thika na Kitengela. Halafu jioni moja akaja nyumbani akaniambia kuhusu kiboko aliyepiga chafya. Niligeukia jiko ili asione uso wangu.

Kisha ziwa Naivasha likapanda. Lilichukua gati, likachukua choo, likaja hadi kwenye nyumba tuliyopanga, tukawa tunafungia boti dirishani. Wageni wakaacha kuja. Kaka yangu Kipchirchir, anayekaa Kampi ya Samaki kando ya ziwa Baringo, akapiga simu.

"Kujeni huku," akasema. "Ziwa yetu pia ilipanda, lakini imeshamaliza kupanda. Watu wanataka kuvuka na boti ni chache."

Hapakuwa na ubishi. Kilichobaki ni kuitoa boti ziwa moja na kuipeleka lingine, na kati yake kuna barabara, malori, na mji mzima wa Nakuru. Boti haipandi basi. Tulihitaji trela.

Tulikwenda Nakuru kwa fundi mmoja wa kuchomelea, jina lake Naftaly, mtu mwembamba ambaye miwani yake ya kazi haitoki kichwani hata akinywa chai. Akatuonyesha trela la kubebea viazi, sakafu yake bapa.

"Hapana," Muiruri akasema. "Boti iko na mkuku hapo chini. Ukiilaza hapa italala na ubavu kama ng'ombe mgonjwa."

Akatuonyesha lingine lenye umbo la boti, lakini magurudumu yake yalikuwa madogo mno. Muiruri akayatazama kwa huruma. "Hii miguu ni ya mbuzi." Nilifurahi kumsikia akikataa vitu. Mtu aliyezima hakatai kitu.

La tatu lilikuwa mtaa wa Milimani, kwenye uwanja wa nyumba ambayo wenyewe walishauza boti yao zamani. Nyasi zilikuwa zimelifunika hadi katikati. Muiruri alilikagua kama anayenunua punda: miguu kwanza, kisha mgongo, kisha akarudi miguuni. Alizungusha kila gurudumu na kuinamisha sikio. Alipapasa rola za mpira ambazo boti hupandia, akajaribu winchi iliyokuwa mbele juu ya nguzo yake, akavuta kamba yake yote nje na kuirudisha.

"Beringi zimekufa," akasema, "lakini mifupa ni mizima."

Naftaly alibadilisha beringi, akaweka taa, akachomelea chuma cha kuvutia nyuma ya pikapu yetu. Alipomaliza akalipiga teke tairi, akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwepo.

"Mzee, ukishapakia boti, inua huu mkono wa trela hapa mbele. Lazima ugune. Usipoguna, sogeza boti mbele mpaka ugune. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Muiruri akasema.

Hawakuwa wameelewana hata kidogo.

Asubuhi ya safari alilirudisha trela nyumanyuma hadi majini, boti ikapanda juu ya rola kwa winchi, laini, bila mkwaruzo. Majirani walikuja kutuaga. Nilidhani kazi imekwisha, lakini Muiruri akatoa spana, akalegeza bolti za ile nguzo ya winchi, akairudisha nyuma kidogo na boti nayo. Akainua mkono wa trela, akatikisa kichwa, akairudisha nyuma tena. Halafu akapanga vyombo vyetu ndani ya boti, vyote huko nyuma karibu na injini: gunia la viazi, mtungi wa gesi, cherehani yangu, sanduku la sufuria. Mwisho akauinua mkono wa trela kwa kidole kimoja.

"Achola, kuja uone," akamwita jirani yetu muuza samaki. "Kidole moja."

Achola naye akajaribu kwa kidole chake. "Wewe ni injinia," akasema.

Mimi nikapiga makofi. Kwa nini nisipige? Muiruri alinieleza akiwa ameng'aa uso kuliko siku ya harusi yetu. Mkokoteni ukilemea mbele, nira humkata punda shingoni, na kufika jioni ana kidonda. Mwenye kujua kazi hupeleka mzigo nyuma kidogo, mpaka mkokoteni uelee na punda asisikie kitu. Hayo ndiyo yaliyomtofautisha na wabeba maji wengine. Punda wake hawakuwahi kuwa na kidonda.

"Na Naftaly?" nikamuuliza.

"Naftaly anajua kuchomelea. Hajawahi kufunga punda."

Ndivyo tulivyojikuta pale kwenye mteremko, boti inatupungia mkono kutoka kulia na kushoto.

Nilitaka kumwambia akanyage breki. Namshukuru Mungu sauti haikutoka, kwa sababu baadaye niliambiwa breki ingetugeuza tutazame tulikotoka. Alichofanya Muiruri ni kile nilichowahi kumwona akifanya punda wakishtuka barabarani: hakupiga kelele, hakuvuta. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akanyoosha usukani, akaliacha gari lichoke lenyewe. Lori likatupita likipiga honi, karibu sana, nikaona hata kamba zilizofunga magunia. Mlima ukaanza kulala. Boti ikapunguza hasira yake kidogo kidogo, ikarudi nyuma yetu. Tukaingia polepole kwenye uwanja wa hoteli moja ya nyama choma, Muiruri akazima injini.

Moshi wa nyama ulikuja dirishani. Mtu mmoja alikuwa akikata mbavu za mbuzi, hakututazama.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Mm," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, siyo kule kwenye lori. Niliitambua ile sauti. Alikuwa ametazama mbele, mikono bado kwenye usukani wa gari lililozimwa, na uso wake ulikuwa ule wa asubuhi ya kamba zilizokatwa. Nilimwona anakwenda zake. Nikajua kwamba tukiendelea kukaa vile atasema tuiuze boti, au hatasema chochote, na mimi nitafika kwa kaka yangu na mume anayeguna.

Nikashuka. Viazi vilikuwa vimesambaa ndani ya boti na cherehani ilikuwa imelala chali. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni: si Naftaly alikuambia. Niliyameza. Si kwamba mimi ni mke mpole, watu wanaonijua watakuambia. Niliona tu kwamba mtu huyo hana pa kuyaweka. Nikazunguka hadi dirishani kwake, nikachukua simu yake kwenye dashibodi, nikamwekea mkononi. Sikumwambia ampigie nani.

Aliitazama ile simu muda mrefu. Kisha akapiga, akaiweka kwenye spika juu ya goti.

"Niaje mzee, mmefika?" Ilikuwa sauti ya Naftaly, na nyuma yake mlio wa nyundo.

"Hatujafika. Trela imetaka kutuua. Inacheza huku na huku."

"Ukiinua ule mkono, unaguna?"

Muiruri akanitazama. Nikatazama mbuzi wa hoteli.

"Siguni," akasema. "Nainua na kidole."

Nyundo ikanyamaza upande wa pili. "Na kidole? Mbona, mzee?"

"Nilikuwa naogopea gari shingo."

Naftaly akauliza, kwa adabu kabisa, kama daktari anayemuuliza mgonjwa panapouma:

"Gari gani iko na shingo, mzee?"

Nilianza kuona mabega ya mume wangu yakitikisika. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini mdomo wake ulifunguka na kicheko kikatoka, kikubwa, kilichokwaruza kama lango ambalo halijafunguliwa siku nyingi. Akacheka hadi akalaza kichwa kwenye usukani na honi ikalia, na mkata mbavu akageuka hatimaye. Nami nikacheka, halafu nikalia kweli, nimesimama nje ya gari na moshi machoni. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu. Naftaly kwenye goti alikuwa akiita, "Mzee? Mzee, uko?"

"Niko," Muiruri akasema. "Niko, ndugu yangu. Sasa niambie polepole."

Naye akaambiwa. Mkokoteni una punda anayeubeba kwa akili yake. Trela halina mwenye akili huko mbele, lisipolemea mkono wake linatangatanga. Ni hivyo tu. Tukahamishia viazi, gesi na cherehani kwenye pikapu. Muiruri akalegeza nguzo ya winchi, akaisogeza mbele, tukaivuta boti juu ya rola zake mpaka pua ikagusa, akafunga bolti kwa nguvu zake zote na mikanda upya. Tukalitoa trela kwenye gari ili tupime.

Akauinua mkono wa trela. Akaguna.

"Sikusikia vizuri," nikasema.

Akaguna tena, kwa sauti, kwa madaha, na watu wa hoteli wakacheka bila kujua wanachekea nini. Tulikula nyama pale pale, tumesimama, kwa vidole vyenye grisi.

Kutoka hapo hadi Nakuru trela lilitufuata kama mtu aliyetubu. Muiruri aliendesha polepole, akijaribu kila mteremko kwa mashaka, kisha kwa mashaka kidogo, kisha akasahau. Tulipoupita mji na kushika barabara ya Marigat, joto likaanza kuingia madirishani, na hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Diwani alikuwa mvivu," akasema.

Diwani alikuwa mmoja wa wale punda. Sikuwa nimelisikia jina hilo mdomoni mwake tangu siku ya kamba.

"Mvivu na mwongo. Alikuwa anajifanya anavuta, kumbe Sista ndiye anavuta. Nilikuwa namwona. Nilikuwa namwachia tu."

Akaeleza jinsi Sista alivyoogopa madimbwi, na jinsi Diwani alivyokula kadi ya kliniki ya Linah. Akarudi hadi Kaptembwo, kwa punda wa kwanza kabisa, aliyempiga teke padri. Baadhi ya hadithi hizo nilizijua, nyingi sikuzijua. Mwaka mzima wa maneno ulikuwa unamtoka, haukuwa na mpangilio, na mimi niliyekuwa nimeusubiri mwaka huo wote nikakuta macho yangu yanafumba. Nilijitahidi. Nilisema "ehe" mara kadhaa. Mahali fulani kabla ya Mogotio nikaegemeza kichwa dirishani.

Nilipoamka ziwa Baringo lilikuwa mbele yetu, la kahawia kama chai ya maziwa, na kaka yangu amesimama kando ya barabara akitupungia. Muiruri alikuwa bado anaongea.