Aliyetia Chumvi Kwenye Chai

Mwalimu Muindi aliposimama kusoma insha yake katika ukumbi wa kanisa pale Ukunda, mkewe Mbinya alikuwa amekaa kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya. Insha ilihusu ujana wa Muindi, alipopelekwa kufundisha kisiwani Wasini, kijana wa bara asiyejua hata kuelea.

"Aliyenifundisha kuogelea," akasoma, "ni Zainabu, binti wa nyumba niliyopanga."

Mbinya hakushtuka. Kila mtu ana yake ya nyuma. Akaendelea kusikiliza jinsi Zainabu alivyokuwa akipiga mluzi huku akichambua mchele, na jinsi alivyokasirika siku moja akamtilia Muindi chumvi kwenye chai, kisha akamkazia macho mpaka kikombe kikaisha.

Hapo moyo ukampasuka. Chumvi ile aliitia yeye Mbinya, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Na mluzi ulikuwa wake. Mama mkwe alimgombeza sana kwa sababu ya mluzi huo.

Watu wakapiga makofi. "Huyo Zainabu jamani!" akasema msichana mmoja. "Natamani nimwone!"

Nyumbani, Mbinya hakungoja mumewe avue viatu.

"Baba Nzisa, ni nani aliyekutilia chumvi kwenye chai?"

"Ni wewe."

"Na mluzi?"

"Wewe pia. Mama Nzisa, miaka ni mingi. Hata sauti ya Zainabu siikumbuki tena. Kila nikimwandika anakuwa kama kivuli. Nikaona niazime kwako kidogo, apate uhai."

"Ukaniazima bila kuniomba! Mimi niliyekuzalia watoto sina hata jina humo ndani, halafu uhai wangu unakwenda kumpa yeye?"

Muindi akainama kuvua viatu.

"Na kuogelea?" Sauti ya Mbinya ilikuwa imeshuka. "Hilo nalo umelitunga?"

Muindi angeweza kudanganya. "Hilo ni kweli," akasema.

Jumapili, baada ya ibada, Mbinya alimtaka wateremke ufukweni Msambweni. Akaingia baharini na dera lake, maji yakamfika kifuani.

"Nifundishe."

Muindi akampitishia mkono mgongoni, akamlaza juu ya maji. Mbinya akazama, akayanywa, akaibuka akikohoa na kuing'ang'ania shingo ya mumewe kwa mikono miwili. Raha kidogo ikamwingia Mbinya.

"Naye alikuwa akikushika hivi?"

"Hapana. Yeye alikuwa anajua," Muindi akajibu bila kufikiri. "Ni mimi niliyekuwa nikimng'ang'ania."

Mbinya akaiachia shingo ile.

"Basi toka. Kakae mchangani huko. Nitajifundisha mwenyewe."

Muindi akatoka, suruali ikimchuruzika maji. Mbinya akampa kisogo, akajilaza, akazama, akainuka akitema chumvi, akajilaza tena.