Nyuki wa Mwalimu Kuruthumu

Mwaka 1976 shule yetu, mlimani nje ya Kasulu, ilikuwa na mizinga miwili ya nyuki na mwalimu mkuu mmoja, Leonidasi, aliyejua kila kitu. Alijua hata yale ambayo hayajagunduliwa.

Mwalimu Kuruthumu wa sayansi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akaanza kuwafundisha nyuki. Kila asubuhi aliweka kisahani cha asali iliyozimuliwa kwa maji, na kando yake pamba yenye mafuta ya karafuu. Nyuki wakanywa, wakaondoka, wakarudi na wenzao. Baadaye akaweka visahani viwili vya maji matupu, kimoja tu kikiwa na pamba ya karafuu kando yake. Wakakivamia hicho hicho, ndimi nje.

"Wameshajua kwamba penye harufu hii pana chakula," alituambia, uso umemchangamka.

"Mdudu hajifunzi," alisema Leonidasi. "Angekuwa anajifunza, angekuja kuandikishwa darasa la kwanza."

Tulicheka sana. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga zamu zetu.

Basi ikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu atatutembelea. Ghafla mdudu akawa na akili, tena akili aliyopewa na Leonidasi. "Mradi wangu wa nyuki," akaanza kusema. Kuruthumu akaambiwa ashughulikie chai ya wageni.

Siku yenyewe Leonidasi aliamka na jino linamuuma. Mkewe, Immakulata, akalibandika pamba ya karafuu, dawa tunayoitumia sote. Akaja hivyo hivyo, akasimama karibu na mizinga, akafungua kinywa kumweleza mkaguzi jinsi alivyoteseka na utafiti.

Nyuki wa kwanza akatua mdomoni. Wenzake wakafuata, kwa adabu kabisa, wakitafuta asali yao. Hawakuwa na nia mbaya.

"Usiwapige, Mwalimu!" Kuruthumu alipaza sauti, birika mkononi. "Tulia tu, funga mdomo!"

Kufunga mdomo hakukuwa miongoni mwa vipaji vya Leonidasi. Akawapiga. Nao wakajibu.

Tulimkuta nyuma ya choo, midomo imevimba kama maandazi. Mkaguzi, aliyekuwa amejifungia ndani ya gari, alishusha kioo kidogo.

"Mradi huu ni wa nani hasa?"

Leonidasi, kwa ukarimu ambao hatukuwahi kuuona, alimnyooshea kidole Kuruthumu.

"Ni wangu," alisema Kuruthumu, akaona haya kidogo kwa jinsi alivyofurahi. Akaweka birika chini, akatangulia kwenda kwenye visahani. Mkaguzi akamfuata taratibu, mdomo ameuziba kwa viganja viwili.