Samaki wa Mapambo ya Sendofu

Kokushubila alichelewa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Vaileth, mtoto wa mdogo wake. Alipoingia ukumbini Kinondoni, watu walishaanza kutoa zawadi. Yake alikuwa ameikumbatia: sufuria pana, tupu, ya kupikia pilau la shughuli, imefungwa kwa karatasi ya maua. Hatua chache tu, akawaona samaki wake mezani.

Wale wale wa rangi ya chungwa aliowaacha asubuhi kwenye tangi la kioo, sebuleni kwake Boko. Sasa walikuwa wawili wawili ndani ya vyombo vya kioo virefu, vyembamba, katikati ya meza, shanga zikimetameta chini yao. Wote walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakitweta.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Ufunguo wake wa akiba alikuwa nao Genoveva, huyo mdogo wake, ambaye akiwa na shughuli huazima hata meno ya mtu.

"Geno! Umeingia kwangu ukachukua samaki wangu?"

"Dada, shikamoo kwanza. Si mwanao anaagwa? Mpambaji kasema watapendeza. Na wala wasikutie presha, kila chombo tumejaza maji mpaka juu."

"Maji! Samaki anapumua hewa inayoingilia hapa, kwenye uso wa maji. Ona mdomo wa chombo, hata kisosi hakienei! Hapa mmoja tu ni msongamano, nyie mmetia wawili!"

Miaka yote ndugu walilicheka tangi lake, refu la kulala, pana, fupi kwa kimo. Jeneza, waliliita. Tangi lote lile, samaki kumi tu, ubahili gani huo? Hakuna aliyewahi kumuuliza sababu.

"Ni samaki tu," Genoveva alisema, akiweka sawa kilemba. "Wakifa nitakununulia wengine. Usinitie aibu mbele ya wakwe."

Kwenye meza ya hao wakwe, samaki mmoja alishalala ubavu.

Kokushubila aliirarua karatasi ya maua kwa kucha. Akapita meza hadi meza, akiinamisha vyombo, samaki wakimiminika na maji ya juu ndani ya sufuria, wageni wakivuta viti na kusonya. Naye akawasonya. Maji yalikuwa kina cha kiganja tu, lakini yametandazika. Taratibu midomo ikashuka. Yule mfu alimwacha palepale, wakwe wamtazame.

"Mama mkubwa wa binti!" MC aliita, hana habari. "Aje na zawadi yake!"

Muziki ukapanda. Kokushubila akaibeba sufuria kwa mikono miwili, bila kucheza, maji yasimwagike. Vigelegele vikapigwa. Vaileth akasimama, mikono mbele, anapokea. Mama yake mkubwa akambusu shavuni, akampita, akauelekea mlango na sufuria yake.

"Dada!" Genoveva alimkimbilia. "Na zawadi ya mtoto?"

"Ni sufuria tu," alisema Kokushubila. "Nitamnunulia nyingine."