Wakili wa Manufaa Yangu

Wakili niliyepewa bure alikuja wodini asubuhi ya kikao chenyewe, amevaa viatu vinavyong'aa kuliko neno lolote lililomtoka siku hiyo. Alininyooshea mkono, akaona nimevaa gauni la hospitali, akaurudisha mkono mfukoni. Halafu akaanza kuzungumza nami polepole na kwa sauti kubwa, utadhani nimelazwa kwa ajili ya uziwi.

"Mama. Mimi ndiye. Wakili. Wako."

"Nasikia," nikamwambia. "Kaa."

Alikipangusa kiti kwa leso kwanza, ndipo akakaa. Nikasema moyoni, haya, tumeletewa bwana harusi.

Nijieleze mwenyewe, maana yeye hakuniuliza. Mimi ni dereva wa kreni, zile ndefu zinazosimama juu ya majengo yanayojengwa. Kazi yangu ni kukaa ndani ya kibanda cha vioo huko juu na kupitisha vyuma na zege juu ya vichwa vya watu bila kumgusa mtu. Saiti wananiita Bi Juu. Nina ugonjwa pia. Daktari anauita kwa jina refu, mimi nauita mori. Hunipanda kila baada ya miaka kadhaa: usingizi unanihama, maneno yanakuwa mengi, na kila kazi iliyolala duniani naiona inanisubiri mimi. Safari hii ulinikuta kwa dada yangu mkubwa. Niliipaka sebule yake rangi ya njano, ile ya kreni, kuta na kabati na televisheni, kisha nikatoka na ndoo kwenda kulipaka lango la jirani. Jirani alikataa. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Dada akaogopa, akapiga simu, akatia sahihi, gari likaja kunichukua. Simlaumu. Sebule ile ingemtisha hata fundi rangi.

Lakini hayo yalikuwa ya mwezi uliopita. Sasa nilikuwa nalala kama watu, nameza kila ninachopewa, na akili yangu ilikuwa imesharudi mahali pake pamoja na dharau zake zote.

Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa kimoja. Jopo la watu watatu lingekaa asubuhi hiyo na kuchagua: ama niwekewe amri ya kulazwa kwa lazima, miezi sita, ama niandikwe mgonjwa wa hiari, nirudi nyumbani na niwe nakuja kliniki. Kwa mwingine huenda tofauti ni ndogo. Kwangu ilikuwa maisha yangu yote, kwa sababu mtu aliyewahi kuwekewa amri ile hapewi tena leseni ya kreni. Hakuna cha kusubiri mwaka ujao wala kuomba upya. Ukishushwa umeshushwa.

Nilimweleza wakili hilo kabla ya lingine lolote. Alitikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa ndoto ya mwenzake.

"Sisi tutaangalia manufaa yako, mama."

"Manufaa yangu ni leseni."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini kwa upana wake. Manufaa yako."

Alilitaja neno hilo mara nyingi sana hata nikampa liwe jina lake. Basi bwana Manufaa akavuta kiti karibu, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama binadamu.

"Sasa niambie ukweli. Haya ni yetu mimi na wewe, hayatoki humu. Nyumbani ulikuwa unameza dawa?"

Mimi, mtu mzima niliyepitisha tani za chuma kwenye upepo, nikamwamini.

"Niliacha," nikasema. "Zilikuwa zinanitetemesha mikono. Nilimwambia daktari wa kliniki anibadilishie, akasema nitazoea. Nikarudi tena, akasema vilevile. Basi nikamwomba fomeni anishushe, nifanye kazi ya chini ya kufunga minyororo. Nilishuka kwanza, ndipo nikaacha dawa, nione kama mikono itatulia. Tangu siku hiyo sikupanda kreni. Muulize fomeni, namba yake ni..."

Simu yake ilikuwa imeita. Aliitazama akaitabasamia, akaandika jambo kwa kidole gumba, akatabasamu tena. Alichokuwa amekisikia ni neno moja, "niliacha". Mengine yote nilikuwa nauambia ukuta, na ukuta ulikuwa msikivu zaidi.

"Nimekuelewa kabisa," akasema, akasimama, akajikung'uta suruali.

Kupitia mlango uliokuwa wazi nikamwona akikutana na daktari wangu wa wodi kwenye korido. Walipigana mabega, wakaulizana habari za watoto na shule walizopata, wakacheka. Walijuana kwa miaka. Kila mwezi hukutana hapo, mmoja anashtaki na mwingine anatetea, na sikuwahi kusikia kwamba wamewahi kukosana. Mahakama nyingine mawakili hutoana jasho. Hapa hutoana vumbi kwenye koti.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha wafanyakazi. Mtu fulani alikuwa ameagwa humo jana yake, maputo bado yalining'inia dirishani, na hakuna aliyejisumbua kuyatoa. Mwenyekiti alikuwa hakimu mstaafu mwenye sauti ya kuchoka. Kushoto kwake alikaa daktari kutoka hospitali nyingine. Kulia alikuwepo mzee aliyetambulishwa kama mwakilishi wa jamii, mwalimu mkuu wa zamani, ambaye alifumba macho kabla utambulisho haujaisha. Jamii iliwakilishwa vizuri sana.

Dada yangu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ameukumbatia mfuko wa nguo zangu safi. Sikumtazama. Nilikuwa bado nina deni naye la lile gari.

Daktari wa wodi alisema kweli tupu, nampa haki yake. Alisema niliingia na hali mbaya, sasa nina nafuu, nalala, sigombani na mtu.

"Ukimwachia kwa hiari atakuja kliniki?" mwenyekiti akauliza.

"Naamini atakuja. Mimi sina shida na hiari."

Mwenyekiti akaandika kidogo, akamtazama mwenzake wa kushoto, naye akainua mabega kama mtu anayesema hata mimi sina neno. Nikaweka mikono juu ya mapaja na uso wa mtu anayesubiri huduma benki. Mambo yalikuwa yamekwisha. Kazi ya wakili ilikuwa imefanywa na daktari, na kilichobaki ni wakili kusema "nakubaliana" akaenda zake.

"Wakili, una la kuongeza?"

Manufaa akafunga kifungo cha koti. Mtu akifunga kifungo cha koti ili aseme neno moja, ujue hatasema neno moja.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akaanza, "mimi kabla ya kuwa wakili wa mtu yeyote ni ofisa wa mahakama. Dhamiri yangu hainiruhusu kunyamaza. Mteja wangu amekiri kwangu asubuhi hii kwamba aliacha dawa kwa makusudi. Na huyu ni mtu anayepitisha vyuma juu ya vichwa vya watu. Kwa manufaa yake mwenyewe, na kwa manufaa ya umma, naomba jopo lisiwe na haraka."

Mwakilishi wa jamii akafumbua macho. Mwenyekiti akamgeukia daktari wangu.

"Ulilijua hilo?"

"Hapana," daktari akasema, na nikamwona anakosa raha. "Hilo linabadilisha mambo."

Hapo mtu mwenye akili timamu angerusha kiti. Mimi sikuwa na anasa hiyo. Pale ndani hasira ya wakili inaitwa ufasaha, hasira ya mwenyekiti inaitwa msimamo, yangu ingeandikwa kuwa dalili. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mheshimiwa, naomba nieleze kwa nini niliacha."

"Una wakili, mama. Hapa mwenye wakili anazungumza kupitia wakili wake. Ndio utaratibu wetu."

"Basi huyu simtaki. Nitajisemea."

"Anayemkataa wakili ni lazima kwanza tumjue kuwa ana akili timamu," akasema bila hata kutabasamu. "Na hilo ndilo tulilokuja kuliamua. Mwambie yeye, atatuambia."

Nikalisogelea sikio la Manufaa. Lilinukia manukato ya bei. Nikamwambia yote upya, polepole kama alivyonisemesha yeye asubuhi: mikono, kliniki, daktari aliyesema nitazoea, fomeni, minyororo, kwamba sikupanda. Nikamwambia namba ya fomeni nimeishika kichwani, wampigie sasa hivi. Alitikisa kichwa kila nilipopumua. Alipoona nimemaliza akasimama tena.

"Mteja wangu anasema ana wasiwasi na kazi yake," akawaambia. "Naliachia jopo lipime lenyewe. Mtu anayewaza kreni kwa wakati kama huu, je, ameuelewa ugonjwa wake?"

Daktari wa kushoto akaandika. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko, maana hatimaye alikuwa amepata kitu cha kusikitikia kwa niaba ya jamii.

Nyuma nikasikia kiti kikisogea. Dada alikuwa amesimama, mfuko bado mikononi.

"Samahani," akasema. "Mimi ni dada yake."

Manufaa hakugeuka hata mwili mzima. Alimwonyesha kiganja, akakishusha taratibu, vile mtu anavyomtuliza mbwa wa rafiki yake. "Mama, kaa. Utamharibia." Mwenyekiti akasema wakili atazungumza kwa niaba ya wote. Dada akakaa.

Walinong'onezana bila kutoka chumbani, na sikuhitaji kusikia. Amri ya kulazwa kwa lazima, miezi sita, kwa sababu mgonjwa ana historia ya kuacha dawa na hajautambua ugonjwa wake. Mwenyekiti alisoma hivyo, akaniuliza kama nimeelewa. Nilielewa. Miaka yangu yote ya huko juu iliishia hapo, chini ya maputo ya mtu mwingine.

Manufaa alikusanya vitu vyake, akanijia na uso wa daktari wa meno aliyemaliza kung'oa.

"Najua unaumia. Siku moja utanishukuru. Na usikate tamaa, rufaa ipo. Nitakuandikia mwenyewe."

"Wakili," nikamwambia, "nikimwona mtu anazama, nitamwombea usiwe karibu naye."

Alicheka. Nadhani alinihesabu kuwa mcheshi, na kwamba ucheshi ni dalili ya nafuu. Akaondoka na viatu vyake, akamkuta daktari wa wodi mlangoni, wakashuka ngazi pamoja.

Nesi alituruhusu mimi na dada tukae kidogo kwenye benchi la korido kabla sijarudishwa ndani. Nilikuwa nimemwandalia dada fungu lake. Maneno yalikuwa tayari ulimini, makali kuliko yale ya jirani, kuhusu simu na sahihi na gari, na jinsi anavyojua kukaa akiambiwa akae.

Yeye ndiye aliyeanza, akiutazama mfuko.

"Nilikuja kukuchukua," akasema. "Chumba nimekisafisha. Nilitaka kuwaambia nitakaa nawe, dawa nitakupa kwa mkono wangu, kliniki nitakuleta mwenyewe. Na habari ya mikono naijua. Fomeni alikuja nyumbani wiki iliyopita, akanieleza kila kitu, jinsi ulivyomwomba akushushe. Akasema waambie wanipigie simu wakati wowote."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisimama."

"Ulisimama ukakaa."

"Aliniambia nikae. Nikajua yeye ndiye wako, amesoma, anajua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Nikaogopa nisije nikakuharibia, kama nilivyokuharibia na ile simu." Akajifuta pua kwa kiganja. "Kama usingekuwa na wakili, mdogo wangu, ningesema mimi."